Ndege ya usiku, ya mchana, au kulala njiani: ipi ikufikishe likizoni?

Ukishapata ruhusa kazini na pesa ya tiketi, kinachobaki kukukwamisha ni hiki: upande ndege ya usiku utue asubuhi, upande ya mchana utue jioni, au ukate safari katikati ulale njiani? Wengi huamua kwa kutazama bei na saa ya kuondoka. Mimi naanzia mwisho wa safari. Nauliza nitatua saa ngapi kwa saa za kule, na baada ya kutua nitasubiri muda gani kabla ya kupata kitanda. Nimesafiri kwa njia zote tatu, peke yangu, na watoto, na mama yangu ambaye magoti yake yamechoka, na mara zote siku ya kwanza ndiyo iliyonionyesha kama nilichagua sawa. Siku hiyo umeilipia kama siku nyingine zote za likizo, na inauma kuiona ikiishia kwenye sofa la mapokezi.

## Vya kupima kabla ya kununua

Nitapima kila njia kwa mambo matano: usingizi utakaoupata, saa ya mwili, siku yenyewe ya kwanza, mfuko, na kitakachotokea mambo yakienda kombo. Mawili ya mwanzo yanahitaji maelezo kwa sababu watu huyachanganya.

Uchovu wa kukosa usingizi ni kitu kimoja, na saa ya mwili kupishana na saa ya ukutani ni kitu kingine. Safari ya Johannesburg hadi London huchukua kama saa 11, lakini saa za miji hiyo zinapishana kwa saa moja au mbili tu. Unashuka umechoka, unalala usiku mmoja wa maana, yameisha. New York hadi London ni kama saa saba tu angani, lakini tofauti kwa kawaida ni saa tano, na hapo unaweza kukaa siku kadhaa macho kodo usiku wa manane, halafu mchana unasinzia. Kwa makadirio ya kawaida, mwili hujirekebisha kwa saa moja hivi kila siku ukienda mashariki, na kama saa moja na nusu ukienda magharibi. Ni kwa sababu saa ya ndani ya watu wengi huzunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24, hivyo kuirefusha siku ni kwepesi kwake kuliko kuifupisha.

Yapo pia mambo yasiyobadilika hata uchague nini. Hewa ya ndani ya ndege huwa na mgandamizo kama wa mtu aliye kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na mara nyingi unyevu wake hauzidi asilimia 20, ndiyo maana koo hukauka na ngozi hukakamaa. Kukaa bila kujongea nako kuna hatari yake. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti kwamba hatari ya damu kuganda mshipani huongezeka kama mara mbili baada ya safari ya saa nne au zaidi. Kwa mtu mwenye afya bado ni tukio la nadra, kama mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, au aliyewahi kuganda damu amwone daktari kwanza, ndipo aje kuchagua ndege.

## Ndege ya usiku, kutua asubuhi

Usingizi. Neno "usiku" halikuambii utalala kiasi gani. Toa saa tatu kwenye muda wa safari: za chakula cha kwanza, za taa kuwashwa na kifungua kinywa kabla ya kutua, na za kugeukageuka ukitafuta mkao. Safari ya saa saba inabaki na nne, tena za mang'amung'amu. Safari ya saa 13 au 14, kama ile ya Singapore hadi London inayoondoka karibu na usiku wa manane, inakuachia usingizi wa kueleweka. Kwa hiyo usiku mrefu na usiku mfupi angani ni bidhaa mbili tofauti, ingawa kwenye orodha ya ndege zinaonekana sawa.

Kuna mtego mwingine wa ndege hizi, nao ni tarehe. Tiketi ikisomeka 00:40 Jumamosi, hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumamosi, na unatakiwa uwanjani Ijumaa jioni. Namjua mtu aliyefika na familia yake nzima Jumamosi saa tatu usiku, watoto wamevaa nguo mpya, ndege imeshaondoka zaidi ya saa ishirini zilizopita. Tiketi ikianza na 00, 01 au 02, andika kwenye kalenda ya simu siku ya kutoka nyumbani, wala si siku iliyochapishwa.

Saa ya mwili. Sote tumeambiwa: ukifika, toka juani. Ni ushauri mzuri, ila inategemea saa. Mwili una kina chake cha usiku, kama saa mbili au tatu kabla ya muda wako wa kawaida wa kuamka. Mwanga unaokupata kabla ya hapo huirudisha saa ya mwili nyuma. Unaokupata baada ya hapo huivuta mbele. Mchukue mtu anayeamka saa kumi na mbili asubuhi kwao, ameruka kuelekea mashariki kwa tofauti ya saa nane, ametua saa moja asubuhi. Kwa mwili wake ni saa tano usiku, na kina cha usiku wake kitafika huku ikiwa saa tano au sita mchana. Jua la asubuhi ile linamrudisha alikotoka. Avae miwani ya jua, akae ndani au kivulini, kisha kuanzia saa sita na kitu atoke atembee hadi jioni. Tofauti ikiwa ya saa tatu au nne tu, jua la kuanzia saa mbili asubuhi linamfaa tangu mwanzo. Nimejaribu kwa namna zote mbili, na asubuhi niliyoipitisha kivulini ndiyo iliyonipa usingizi usiku ule.

Siku ya kwanza. Hapa ndipo njia hii inapopatia au kuharibu. Hoteli nyingi hutoa vyumba kuanzia saa nane au saa tisa alasiri. Nilitua na mama saa kumi na mbili asubuhi, tukafika hotelini saa mbili kasoro robo. Chumba? Saa tisa. Mama alikaa kwenye sofa la mapokezi, kamba za viatu kazilegeza kwa sababu miguu ilishavimba, mkoba kaukumbatia, kichwa kinaanguka na kuinuka. Kila mlango ulipofunguka alishtuka na kuniuliza, "Tayari, mwanangu?" Nikamjibu bado mara nyingi kuliko nilivyoweza kustahimili.

Tangu hapo, nikisafiri usiku na mzee au mtoto, nalipia pia usiku wa kuamkia siku ya kufika, na nawaandikia hotelini waziwazi kwamba tutaingia alfajiri ya tarehe fulani, wasije wakadhani hatukutokea wakampa mtu mwingine chumba. Ukiwa peke yako na una nguvu, hilo si lazima. Begi kubwa liache mapokezi, begi dogo liwe na nguo ya kubadilisha, mswaki na dawa zako, na siku ianze. Usingizi wa mchana usizidi dakika 20 au 30, tena kwa kengele ya simu. Ukijiachia ukalala fofofo saa tatu, utaamka kichwa kizito na usiku hautaupata.

Na tafadhali, usipokee gari la kukodi asubuhi hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anapungukiwa uwezo sawa na mwenye asilimia 0.05 ya kilevi kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi hukichukua kama mpaka wa kuendesha. Ukiongeza barabara usiyoijua, pengine na upande wa kuendeshea uliogeuka, unaiweka familia yako rehani. Lichukue kesho yake.

Mfuko. Inakuokolea usiku mmoja wa hoteli na siku moja ya ruhusa. Ila ukilipia chumba cha kuingia alfajiri, faida ya kwanza imekwisha, hivyo linganisha jumla, usilinganishe tiketi na tiketi.

Mambo yakienda kombo. Hapa ndege ya usiku ina ubora ambao watu hawautaji. Begi lisipotokea kwenye mkanda, una mchana mzima mbele yako, maduka wazi na wahusika wako kazini. Toa taarifa kwenye dawati la mizigo kabla ya kutoka uwanjani, na hakikisha umepewa namba ya taarifa. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa unaohusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo yao, dai la begi lililoharibika huwasilishwa kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na la begi lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa.

Inamfaa anayeweza kulala akiwa ameketi, mwenye ruhusa fupi, na anayesafiri masafa marefu bila tofauti kubwa ya saa kati ya anakotoka na anakokwenda.

## Ndege ya mchana, kutua jioni

Usingizi. Usiku wako wa nyumbani haujaguswa sana, isipokuwa kwamba ndege ya asubuhi inaweza kukuamsha saa tisa usiku uende uwanjani. Angani husomi saa kwa wasiwasi ukijiuliza mbona hujalala. Unasoma, unanyoosha miguu ujiani, unacheza karata na watoto. Tatizo ni kupatikana kwake. Kuvuka Atlantiki kuelekea mashariki, ndege nyingi ni za usiku. Za mchana, kama chache za New York na Boston kwenda London, huondoka asubuhi na kutua usiku.

Saa ya mwili. Ukienda magharibi, njia hii imekaa vizuri kweli. Unatua mchana au jioni, mwili unasema ni usiku, na mwanga wa jioni ndio hasa unaoirudisha saa nyuma kama unavyotaka. Kaa nje mpaka jua lizame, vumilia hadi saa tatu au nne usiku, kisha lala. Utaamka alfajiri mno kwa siku mbili tatu, na hilo si baya kwa mtu wa likizo: unaukuta mji mtulivu.

Mashariki ni kinyume chake. Umetua saa mbili usiku, umefika kitandani saa tano, na mwili unasema ni saa kumi na mbili jioni. Kitanda kipo, usingizi haupo. Anayepanda ndege hii aache kahawa mapema, kwa kuwa baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado iko mwilini, na asijilazimishe kulala angani.

Siku ya kwanza. Kwa kweli huanza kesho yake. Unashuka, unaoga, chumba kimeshakuwa tayari tangu alasiri. Hakuna kukokota mabegi mjini ukisubiri. Nilivyoona, watoto huamka siku ya pili wakiwa watoto wale wale unaowajua, jambo ambalo siwezi kuliahidi kwa ndege ya usiku.

Mfuko. Unalipia usiku wa hoteli ambao hutafanya kitu ila kulala, na mchana mzima umekwenda angani.

Mambo yakienda kombo. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Ndege ikichelewa saa nne, unatua usiku wa manane: treni zimelala, madawati yamefungwa, na kwenye nyumba ndogo za wageni mpokeaji ameshakwenda kwake. Andaa mapema. Usafiri wa kukuchukua uwe umekubaliwa kabla, namba ya simu ya mwenyeji iwe kwenye karatasi, na anwani iandikwe kwa herufi za nchi ile ili dereva aisome. Pakua ramani ya mji kwenye simu kabla ya kuondoka. Pesa ukizitoa kwenye mashine na ikakuuliza ikukate kwa sarafu ya kwenu au ya pale, chagua ya pale, la sivyo mashine itakupangia yenyewe kiwango cha kubadilisha, na mara nyingi kinakuumiza.

Inamfaa mzee, mwenye watoto wadogo, asiyelala kabisa ndegeni, anayekwenda magharibi, na atakayeendesha gari kesho yake.

## Kukata safari, kulala njiani

Usingizi. Kitanda halisi katikati ya safari ni neema ambayo sikuielewa mpaka nilipoipata. Kuna njia za moja kwa moja za zaidi ya saa 18, kama Singapore hadi New York, kilomita 15,000 na ushei. Mwenye mgongo mbovu hana sababu ya kujithibitishia kwamba anaweza. Ila kukata safari kwa saa chache si kulala. Ukitua saa tano usiku na ndege ya pili ni saa moja asubuhi, ukitoa foleni na teksi, kitandani umekaa kwa saa tatu.

Saa ya mwili. Tofauti kubwa inagawanywa vipande viwili. Ukilala njiani siku mbili tatu, unafika ukiwa umeshavuka nusu ya daraja. Usiku mmoja hausaidii hilo sana. Husaidia uchovu tu.

Siku ya kwanza. Unafika umenyooka, na mara nyingi unaweza kuchagua ndege ya pili itue alasiri, chumba kikiwa tayari. Isitoshe, umeona mji mwingine.

Mfuko. Inatofautiana kupita kiasi. Katika safari za kimataifa, mapumziko yasiyozidi saa 24 kwa kawaida huhesabiwa kuwa kuunganisha ndege tu. Yakizidi hapo, nauli inaweza kubadilika. Baadhi ya mashirika hukaribisha jambo hilo: Icelandair huruhusu abiria wanaovuka Atlantiki kukaa Iceland hadi siku saba bila kuongeza nauli. Ongeza hoteli, teksi mbili, na pengine viza.

Mambo yakienda kombo. Ndege mbili ni nafasi mbili za kuchelewa. Tiketi ikiwa moja, shirika lina wajibu wa kukufikisha hata kama kipande cha kwanza kimechelewa. Tiketi zikiwa mbili tofauti, ukiikosa ya pili hasara ni yako, kwa hiyo weka usiku mzima kati yake. Viza nayo iulizwe kabla ya kulipa. Marekani, kwa mfano, haina njia ya kupita bila uhamiaji: hata mgeni anayebadilisha ndege tu hukaguliwa, kwa kawaida huchukua begi lake, na wengi wanahitaji viza, au kibali cha mtandaoni kiitwacho ESTA kwa raia wa nchi zilizosamehewa viza. Na pale kaunta, kabla begi halijaondoka, soma kile kikaratasi kirefu wanachokifunga kwenye mpini. Kina herufi tatu kubwa za uwanja ambapo begi litaishia. Ukiona herufi za mwisho wa safari ilhali ulitaka nguo zako katikati, sema hapo hapo. Mimi nilisoma nimeshafika hotelini, begi liko uwanjani na dawa za mama ziko ndani yake. Tulizunguka kutafuta duka la dawa usiku, na tangu siku hiyo dawa hazitoki kwenye mkoba wa mkononi.

Inamfaa mwenye muda, mwenye maumivu ya mgongo au magoti, na anayekwenda kwenye tofauti ya saa nane au zaidi. Haimfai mwenye likizo ya wiki moja, wala anayepata taabu na masikio kila ndege inaposhuka, kwa kuwa atashuka mara mbili.

## Kwa hali yako

Ukisafiri na mtoto wa chini ya miaka mitano, ningeanza na ndege ya mchana. Ikiwa haipo, chukua ya usiku iliyo ndefu kuliko ya usiku fupi, hata kama inapita njia ya kuzunguka kidogo, na chumba cha alfajiri kilipiwe.

Ukisafiri na mzazi, muulize yeye. Wapo wazee wanaolala popote wanapoketi, na hao usiku hauwasumbui; wapo ambao kukaa saa sita tu ni adhabu, hao wakatie safari. Mwombee kiti cha magurudumu siku unaponunua tiketi, usingoje kaunta. Foleni ya uhamiaji inaweza kumchosha kuliko angani.

Likizo ikiwa ya siku tatu au nne na tofauti ya saa ni kubwa, panda ya usiku, na usipigane na saa ya mwili. Kula na kulala karibu na saa za kwenu kadiri ratiba inavyoruhusu, maana mwili ukimaliza kuhama utakuwa unarudi nyumbani.

Kama siku ya kwanza ina jambo lisiloahirishika, harusi, meli ya kitalii, au kundi linaloondoka asubuhi, fika siku moja kabla kwa njia yoyote ile. Meli haisubiri ndege iliyochelewa.

Wanandoa ambao mmoja hulala angani na mwingine hafumbi hata jicho, pangeni kwa kumfuata asiyelala. Mwenzake atalala hata mchana.

Na ukibaki njia panda kati ya ya usiku na ya mchana kwa tofauti ndogo ya bei, wapigie hotelini kabla ya kulipia tiketi. Waulize: nikifika saa mbili asubuhi, mnaweza kunipa chumba saa ngapi, na kwa kiasi gani? Wakikuambia saa nne bila malipo, panda ya usiku. Wakikuambia saa tisa kamili na si kabla, umepata bei halisi ya ile tiketi nafuu.